Tiki ya Mwaka wa Sabini na Tisa

Jaji hali chakula pamoja na mabeni anayoyahukumu. Sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini Leon Mroczka alikuwa ameishika miaka ishirini na mbili kana kwamba aliapishwa kwayo. Ndiyo maana Jumapili ile ya Agosti, mwaka wa tisini na nane, alikuwa amejikalia peke yake ndani ya gari nyuma ya uwanja wa shule huko Hazleton, madirisha wazi, anatafuna mkate wa soseji huku shati limemganda mgongoni. Hatua mia moja kutoka hapo watu walikuwa wanachoma nyama, wanatukanana kirafiki, wanapuliza tarumbeta kupasha midomo. Kaka yake alikuwa katikati yao. Leon alijua hivyo tangu alipoliona basi la bluu la beni la Wachimbaji likiingia getini.

Mtu asiyeyajua mabeni ya Pennsylvania anaweza kudhani ni mchezo wa kupitisha wakati. Si mchezo. Ni tarumbeta na ngoma tupu, watu sitini au sabini wanatembea gwaride dakika kumi na mbili huku wanapiga, kila unyayo una mahali pake pa kukanyaga, na kila mahali yupo jaji. Haya ya Leon yalikuwa mabeni ya rika zote: daktari wa meno anasimama bega kwa bega na fundi wa mapaa, bibi anashika bendera pamoja na mjukuu wake. Hawalipwi senti. Wanaanza mazoezi theluji ikiwa bado nje, wanamaliza Siku ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, na wake na waume wasioelewa jambo hilo huachika.

Mke wa Leon, Irene, alielewa, lakini alikufa. Ilikuwa miaka minne sasa. Tangu hapo Leon aliendesha gari peke yake kutoka Allentown kila wikendi, akahukumu, akala ndani ya gari, akarudi kwenye nyumba iliyokuwa kama alivyoiacha, hadi kikombe mezani.

Mtu akagonga paa la gari. Alikuwa Tuttle, mkuu wa majaji, mwenye kofia ya majani na uso mwekundu kwa jua.

"Leon, mzee, una dakika?"

"Ninazo. Ila kama umefuata mkate, umechelewa."

"Hoffer gari limemfia njiani. Hafiki. Itabidi Wachimbaji uwachukue wewe."

Leon akaacha kutafuna. Kila mwaka ilikuwa hivyo: yeye anahukumu ngoma za mabeni yote, lakini Wachimbaji wakiingia anatoka, Hoffer anaingia.

"Unajua siwezi. Ndugu yangu yumo."

"Nani asiyejua? Nimeshazungumza na mabeni yote matano, yote yametia saini. Dolores wa Wachimbaji kasema hata nikimleta mama mkwe wake awahukumu, sawa tu. Wana nini cha kupoteza, mwaka wenyewe ndio wa mwisho."

"Wa mwisho kivipi?"

"Wewe unaishi wapi, bwana? Bingo imekufa. Lori la vyombo limeshauzwa. Baada ya Siku ya Wafanyakazi, kwaheri."

Tuttle akaenda zake. Leon akabaki na mkate mkononi.

Wachimbaji walikuwa wamelishwa na bingo, kamari ya namba, miaka thelathini na tano. Kila Alhamisi, ukumbi wa chini wa kanisa kule Nanticoke, vikongwe wa Kipolandi na sigara zao walichezea pesa zao za pensheni, na faida ikanunua ngoma, sare na mafuta ya basi. Sasa vikongwe walikuwa wamekufa, na waliosalia walipanda mabasi kwenda kasino za Atlantic City, ambako wanapoteza zaidi lakini chakula ni cha bure. Hilo Leon alilielewa. Kilichomsumbua ni kingine. Beni likivunjika, hapatakuwa tena mahali ambapo yeye na Kaz wanaweza kuonana hata kwa mbali. Na kulikuwa na neno ambalo hajamwambia.

Neno lenyewe lilikuwa tiki.

Kwa mwalimu wa shule, tiki ni sifa. Kwa mabeni ya zamani tiki ilikuwa kisu. Jaji alitembea kati ya wapigaji na ubao wake, kila akisikia kosa anaweka tiki moja, na kila tiki ilikula nukta moja, yaani sehemu ya kumi ya alama. Mwaka wa sabini na tisa, kwenye mchujo wa kuingia fainali, jaji wa ngoma alizimia kwa joto, na Leon, jaji mgeni wa miaka mitatu tu, akaulizwa: ndugu yako yumo, utaweza? Akajibu ataweza. Wakati huo Kaz, aliyemtangulia Leon kwa miaka mitatu, alikuwa anapiga ngoma ya nyuzi, ile ndogo yenye mlio mkali, na hapakuwa na mikono kama yake bonde zima la makaa. Ndiye aliyemfundisha Leon kupiga, kwenye meza ya jikoni kwao, kwa vijiko.

Wachimbaji wakapiga. Leon akapita mbele ya kaka yake mara tatu na hakusikia kosa. Wengine aliwawekea tiki zao kwa haki. Upande wa Kaz karatasi ilibaki nyeupe pe. Hapo ndipo woga ulipomwingia. Aliona jinsi majaji wenzake watakavyoitazama ile karatasi jioni, watakavyokonyezana. Akaweka tiki moja. Alipoulizwa kwenye kikao ni ya nini, akasema: ya Mroczka, mfululizo wake wa mapigo baada ya kugeuka, ulichafuka.

Wachimbaji walikosa fainali kwa nukta moja.

Tangu siku ile Kaz aliitwa Nukta. Baa ya wanajeshi wastaafu walimwita Nukta, kanisani Nukta, hata mtu wa kuleta barua. Alijitoa mwenyewe kwenye ngoma za nyuzi, akajifunga ngoma kubwa kifuani, kazi ya watu wasio na mikono. Baba yao, mchimba makaa mstaafu ambaye mapafu yalikuwa yameshakwisha, alifariki Februari iliyofuata. Na ndugu hawa wawili hawakugombana hata siku moja. Laiti wangegombana! Walikutana mazishini na harusini, wakaulizana habari, wakajibiana nzuri. Krismasi Kaz alituma kadi yenye jina lake tu.

Utauliza, simu haikuwepo? Ilikuwepo. Leon aliipiga mara tatu kwa miaka kumi na tisa akiwa na neno lile mdomoni. Kaz akapokea, akasema "Ndiyo," akasema "Tupo," akasema "Haya basi," na Leon akaishia kuzungumzia theluji. Mwanaume mzima, anayeweza kumwambia mgeni mbele ya wenzake kwamba mkono wake wa kushoto ni mvivu, alishindwa na sentensi moja.

Lakini leo kulikuwa na kanda.

Siku hizi tiki zilikuwa zimefutwa. Jaji anatembea na kinasa sauti kiunoni na kipaza sauti mdomoni, anasema anachosikia, na mwishoni anatoa namba moja. Kanda inapewa beni. Na kanda ya jaji lazima isikilizwe. Hiyo ndiyo desturi iliyobaki ngumu kuliko zote. Wapigaji ngoma wanakaa nyuma ya basi, mwalimu anaweka kanda, hakuna anayeruhusiwa kuongea wala kulala mpaka iishe. Duniani kote hapakuwa na njia nyingine ambayo Kaz Mroczka angeketi dakika kumi na mbili akimsikiliza mdogo wake.

Saa nane na nusu Wachimbaji waliingia uwanjani na makoti yao meusi. Leon akasimama pembeni, akabonyeza vitufe vya kinasa sauti bila kuvitazama.

"Mchana mwema, Wachimbaji," akasema kwenye kipaza sauti. "Huyu ni Leon Mroczka, ngoma, uwanjani."

Wakaanza. Akaingia kati yao akitembea kinyumenyume, akiwapisha, maana jaji akigongana na mpigaji kosa ni la jaji. Kazi ikamshika kama inavyomshika siku zote. "Ngoma za nyuzi, mmeingia pamoja, safi. Wa tatu, fimbo yako inapanda juu kuliko wenzako. Matoazi, vizuri. Ngoma kubwa, mgawanyo ule angalieni, wa nne anachelewa." Wa nne alikuwa Kaz. Ngoma kubwa tano hugawana mapigo kama watu wanaopokezana matofali, na tofali lilikuwa linamchelewea mzee wa miaka sitini na sita. Leon alilisema kama alivyolisikia.

Kisha ukaja wimbo wa polepole. Tarumbeta zikashuka sauti, ngoma zikanyamaza, wapigaji wakasimama wima wakitazama mbele. Ilikuwa sekunde arobaini bila kazi kwa jaji wa ngoma. Leon akajikuta hatua mbili nyuma ya mgongo wa kaka yake. Aliiona shingo ile, nyekundu, imekunjamana, mikanda ya ngoma imeingia mabegani. Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Akakilaza kipaza sauti mdomoni kabisa.

"Kaz," akanong'ona. "Ni mimi. Ile tiki ya sabini na tisa haikuwepo. Sikusikia kosa lolote. Niliogopa watasema nakubeba, nikakuwekea wewe. Hukukosea, kaka. Wewe hukupoteza fainali, niliipoteza mimi. Nimeshindwa kukuambia miaka yote hii. Nisamehe."

Kaz hakugeuka, tarumbeta zilikuwa juu ya sauti ile, na mpigaji aliyesimama hageuki hata nyuki akimwingia sikioni. Ngoma zikarudi. Leon akarudi kazini huku machozi yakimtoka, akisema maneno ya fimbo na mapigo, na kifua kilikuwa chepesi kama hakikuwahi kubeba kitu. Kaz akachelewa tena kwenye mgawanyo wa mwisho. Leon akalisema na hilo.

Walipomaliza akakaa kwenye benchi kuandika namba. Masikio yake yalisema kumi na tano nukta sita. Hakuwa na shaka. Masikio ya Leon hayakuwa na shaka tangu yeye ni kijana. Akaandika kumi na tano nukta nane. Mtu wa karatasi akaja, akaichukua, akaenda. Leon alimtazama akiondoka na hakumwita.

Ni hapo alipoinamisha macho kwenye kinasa sauti ili kutoa kanda, na akaona kitufe cha kusitisha kimelala chini. Taa nyekundu haikuwa imewaka. Kanda haikuwa imezunguka hata kidole kimoja.

Kila jaji hufanya kosa hilo mara moja maishani. Ndilo wanalotaniana nalo kwenye bia. Kati ya beni na beni unasitisha ili usimalize kanda, halafu unasahau kuachia, unazungumza dakika kumi na mbili na hewa. Leon alikuwa hajawahi. Alikaa pale na kile kidude magotini, akakitazama kama mtu aliyesomewa barua ya kifo.

Tuttle alicheka mpaka akashika mbavu. "Hatimaye na wewe! Miaka ishirini na mbili, malaika mtakatifu! Haya, unajua utaratibu. Matokeo yakishatangazwa, uende kwenye basi lao ukawaambie kwa mdomo."

"Kwa mdomo," Leon akarudia.

"Mdomo unao, sivyo?"

Saa kumi na moja matokeo yakasomwa. Wachimbaji wakawa wa tatu, sabini na moja nukta nne. Wa nne lilikuwa beni la Ziwa, kutoka mbali kule Erie, sabini na moja nukta tatu. Leon alisikia mayowe kutoka upande wa basi la bluu kabla msomaji hajamaliza sentensi. Wa tatu hupewa kikombe. Wachimbaji walikuwa hawajagusa kikombe kwa miaka sita.

Alipofika kwenye basi alikuta sherehe. Dolores Pokorny, meneja, mama mnene mwenye sauti ya kuitia bingo, alikuwa amekikumbatia kikombe cha bati na rangi ya macho imemchuruzika hadi kidevuni. Wapigaji ngoma walikuwa wameketi juu ya masanduku ya barafu, sahani za soseji na kabichi mapajani. Mwalimu wao, Marlene Sabo, akapiga makofi.

"Jamani, nyamazeni! Jaji kaja kutusomea kanda yake."

"Kanda ipi?" akauliza kijana wa matoazi. "Si alisahau kubonyeza!"

"Tiki!" wengine wakaitika, na kicheko kikalipuka. "Jaji apewe tiki!"

"Nukta, si mdogo wako huyu? Mpishe akae basi."

Kaz alikuwa kwenye sanduku la mwisho, amevua koti, fulana imeloa. Alimtazama Leon kama anavyotazamwa mtu wa kusoma mita ya umeme.

"Majaji hawakai," akasema.

Leon akasimama mbele yao na kuwaambia yote aliyoyakumbuka. Wa tatu na fimbo yake. Matoazi. Mgawanyo wa ngoma kubwa, wa nne anachelewa, mwanzoni na mwishoni. Walimsikiliza kwa adabu, hakuna aliyetafuna. Alipomaliza walisema wote kwa pamoja, kama desturi ilivyo, "Asante, jaji," na wakarudi kwenye soseji zao.

Leon hakuondoka. Miguu yake ilitaka gari. Akapiga moyo konde.

"Kaz. Kuna jambo jingine lilikuwa kwenye kanda. La kwako."

Kaz akaweka sahani chini polepole. "Njoo huku."

Wakaenda nyuma ya basi, upande wa kivuli, ambako injini ilikuwa bado inanuka moto. Kaz akaegemea gurudumu la akiba na kuanza kufuta marungu ya ngoma kwa kitambaa.

"Ile tiki," Leon akaanza.

"Sema."

"Haikuwepo. Sikusikia kosa. Niliogopa wenzangu watasema nakupendelea, nikaweka moja. Hukukosea, Kaz."

Kaz aliendelea kufuta. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ulisema kwenye kikao kwamba mfululizo wangu ulichafuka baada ya kugeuka. Walituletea maneno hayo siku ileile. Leon, tulipogeuka fimbo yangu ya kulia ilikuwa imeshavunjika. Sikuwa na nafasi ya kuchomoa nyingine. Nilikuwa napiga hewa. Mapigo kumi na sita, mikono inakwenda, ngoma siigusi. Hakuna binadamu angeweza kusikia mfululizo pale, msafi wala mchafu." Akainua macho. "Hata kunitazama hukunitazama."

Leon aliikumbuka siku ile. Ni kweli. Alikuwa ameogopa kuitazama mikono ile.

"Mbona hukusema? Wamekuita Nukta miaka yote hii."

"Nimwambie nani? Mzee alikuwa anatembea na picha yako ya beji mfukoni, anawaonyesha watu baa, mwanangu jaji, mwanangu jaji. Hewa yenyewe ya kuvuta alikuwa hana. Ningesema, wangekufukuza, na yeye angekufa na hilo." Akakunja kitambaa, akakikunjua. "Nikasema, atakuja mwenyewe. Nikakungoja mazishi ya mzee. Ukaja, ukaniuliza habari za barabara. Nikakungoja siku tumemzika Irene wako. Tulibaki wawili jikoni kwako, wageni wote wameondoka. Nikasema, leo. Ukaniuliza kama nataka kahawa."

"Ulisema hutaki."

"Nilikuwa sitaki kahawa, Leon."

Upande wa pili wa basi mtu alianza kupiga kisanduku kwa mikono na wengine wakaimba. Leon alilia wazi sasa, bila kujificha.

"Nisamehe, kaka."

Neno hilo, kaka, alikuwa hajalitumia tangu enzi za vijiko. Kaz akamwekea mkono begani. Ulikuwa mzito na mgumu, na Leon alitamani usiondoke. Kwa muda walisimama hivyo wanaume wawili wazee, na kama mambo yangekomea hapo, yangekuwa mema.

"Na ya leo?" Kaz akauliza.

"Ya leo nini?"

"Namba uliyotupa. Kumi na tano nukta nane. Nimeiona kwa Marlene. Nimechelewa mara mbili kwenye mgawanyo, umesema mwenyewe mbele ya watu. Nimepiga ngoma miaka hamsini, najua ile ilikuwa ngapi." Mkono ukatoka begani. "Ni ya kweli?"

Leon angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi, na hakuna kanda ya kumsuta. Alimtazama kaka yake, safari hii alimtazama.

"Hapana," akasema. "Ni nukta sita."

Kaz akafumba macho. Hesabu haikuwa ngumu. Toa mbili, Wachimbaji wanabaki na sabini na moja nukta mbili.

"Basi wa tatu ni Ziwa."

"Ndiyo."

"Mara ya kwanza ulinionea kwa sababu mimi ni ndugu yako. Leo umenihurumia kwa sababu mimi ni ndugu yako." Sauti yake haikupanda. "Hivi ni lini utanisikiliza tu nikipiga, Leon, kama unavyomsikiliza mtu baki?"

Kaz hakungoja jibu.

"Wale wa Ziwa wana saa tano za njia. Unajua wanafanya nini ndani ya basi lao hivi sasa? Wanatafuta nani kawapotezea nukta moja. Watampata. Sijawahi kuona beni lililokosa kumpata."

"Tuttle yupo bado, yuko chumba cha majaji anafunga makaratasi. Naweza kwenda." Leon alifuta uso kwa kiganja. "Lakini kikombe kitaondoka. Dolores... na mwaka wenyewe ndio wa mwisho."

"Najua mwaka wa mwisho. Unaniambia mimi?"

"Watakuchukia. Wamekuona umekuja huku na mimi."

"Nimeshachukiwa."

Kutoka upande wa pili Dolores akaita, ile sauti ya bingo. "Kaz! Kaz Mroczka! Uko wapi wewe? Njoo tupige picha na kikombe!"

"Nakuja!" Kaz akajibu. Akayaingiza marungu kwenye mfuko, akafunga kamba taratibu, akajipangusa kifua kama mtu anayekwenda kanisani. "Ngoja kwanza wapige picha," akamwambia mdogo wake. "Halafu nenda."

"Utakuja nami?"

Kaz alifikiri. Leon aliona kwamba alifikiri kwelikweli, na hilo lilimuuma zaidi kuliko jibu.

"Hapana. Huko nenda mwenyewe."

Akazunguka basi. Leon alisikia wakimshangilia, wakibishana nani akae mbele, mtu akipiga kelele kwamba warefu warudi nyuma. Alisikia Dolores akimwambia Kaz akishike kikombe yeye, na Kaz akikataa, na wote wakimlazimisha. Wakahesabu hadi tatu. Kicheko kikaja baada ya tatu, kikubwa, cha watu sitini, na Leon alishindwa kujua kama cha Kaz kimo.

Akakatiza uwanja uliokuwa mtupu sasa, akapita juu ya mistari myeupe bila kuihesabu. Basi la Ziwa lilikuwa limekwisha kuondoka. Kwenye chumba cha majaji Tuttle alikuwa peke yake, amevua viatu, anapanga karatasi ndani ya sanduku.

"Umewaambia?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimewaambia."

"Sasa kimekuleta nini tena? Nenda nyumbani, mzee, umechoka."

Leon akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Itoe karatasi ya Wachimbaji," akasema. "Halafu unipe namba ya simu ya yule meneja wa Ziwa. Nataka nimpigie mimi mwenyewe."